Furukombe, pete ya Helsinki na swali la watoto wa Keringet



Mwezi uliopita nilipanda hadi Keringet, Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, kumzuru rafiki niliyesoma naye diploma miaka mingi iliyopita. Yeye ni Mkipsigis, mwalimu, na ndiye mlezi wa chama cha mazingira shuleni kwake. Mimi ni mtu wa joto la Kisauni. Niliposhuka kwenye matatu kutoka Molo nilikuwa nimejifunga kikoi shingoni juu ya koti, na bado meno yaligongana. Keringet iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ni nchi ya chai, viazi, maziwa na wakimbiaji.

“Chamgei, Ustadh,” rafiki yangu akanilaki. “Kesho utazungumza na watoto. Nimewaambia mgeni wa Pwani anajua habari za ndege wa baharini.”

Sikuwa nimejiandaa, lakini mgeni hapangi. Nikawaeleza ya mikoko, kaa na ndege wa kuhama. Nilipofika kwenye habari ya furukombe aliyepatikana Siaya Januari 2022, akiwa na pete ya Finland mguuni, msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. “Nani alimvisha hiyo pete? Na kwa nini mtu akae siku nzima kutazama kiota cha ndege ambaye hata hamli?”

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa na jibu la nusu tu. Nimerudi nyumbani, nimesoma, nimeuliza wanaojua, na makala haya ndiyo jibu langu kwake. Nayaandika hapa kwa kuwa swali lenyewe linatuhusu sisi wa Pwani kuliko linavyowahusu watu wa milimani.

FURUKOMBE NI NDEGE GANI

Wavuvi wetu hulitumia jina furukombe kwa zaidi ya ndege mmoja anayekula samaki. Hapa namkusudia yule msafiri, ambaye wataalamu humwita Pandion haliaetus. Mgongo wake ni kahawia iliyoiva, tumbo ni jeupe, na kichwa cheupe kina mstari mweusi unaopita kwenye jicho hadi shingoni, kama aliyepakwa wanja ukatiririka. Yule mwingine mwenye kichwa na kifua cheupe pe na tumbo la hudhurungi, anayesikika akipiga ukelele Naivasha na Baringo, ni tai mla-samaki wa Afrika. Huyo ni mwenyeji, hahami.

Furukombe akikunjua mabawa hupata mita moja na nusu hadi karibu mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha, ilhali uzito wake ni kilo moja na nusu hivi, na jike humzidi dume. Chakula chake karibu chote ni samaki. Hujitupa majini miguu mbele, akazama pengine hadi mita moja, kisha akaibuka na mkizi. Mungu amemuumba kwa kazi hiyo. Kidole chake cha nje hugeuka nyuma ili samaki akamatwe kwa vidole viwili huku na viwili huku, nyayo zake zina vijimiba vidogo vya kuzuia utelezi, na pua zake hufungika anapoingia majini. Akiruka na mzigo humgeuza samaki kichwa kitazame mbele ili asikinzane na upepo. Ukiona ndege mkubwa angani “amempanda” samaki kama baiskeli, ndiye huyo.

Anaonekana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Lakini wale tunaowaona Kenya hawazalii hapa. Wanazalia kaskazini, Ulaya na Asia, kati ya Aprili na Agosti, kisha baridi inapokaribia wanateremka Afrika. Jike hutangulia, dume hufuata, na makinda huja peke yao, kila mmoja na njia yake, bila mzazi wa kuwaongoza. Kinda wa mwaka wa kwanza hatarudi kaskazini msimu unaofuata. Hubaki Afrika, kwa kawaida hadi awe na miaka miwili au zaidi, ndipo arejee alikozaliwa kutafuta mwenza. Kwa hiyo furukombe unayemwona kwenye hori wakati wa kusi, mwezi wa saba, wenzake wakiwa Ulaya, huenda ni kijana ambaye bado hajajenga kiota maishani mwake.

PETE ILITOKA WAPI

Sasa nije kwenye pete. Yule wa Siaya alikutwa dhaifu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likamchukua atibiwe, na akafa mwezi ule ule. Pete ilionyesha jumba la makumbusho la Helsinki. Alikuwa amesafiri karibu kilomita 7,000. Mtandaoni Wakenya walimfanyia mzaha kwa siku kadhaa: kaja na visa gani, kafa kwa gharama ya maisha ya Kenya. Nami nilicheka na wenzangu, sikatai.

Kile ambacho mzaha haukusema ni kwamba pete haiji yenyewe. Finland imekuwa na mradi wa furukombe tangu mwaka 1971. Kila kiangazi watu waliopata mafunzo na kibali huzungukia viota vinavyojulikana nchini, wakapanda miti, wakahesabu mayai na makinda, wakawavisha pete makinda waliokua vya kutosha. Wengi wao hawalipwi mshahara. Ni walimu, wafanyakazi wa misitu, wastaafu, watu wenye kazi zao wanaotoa wikendi zao. Na kwa kuwa misitu iliyokatwa mara kwa mara haina tena miti mizee yenye vilele bapa anayoipenda ndege huyu, watu hao humjengea majukwaa ya mbao juu ya miti. Kiasi cha nusu ya viota vya furukombe nchini humo viko juu ya majukwaa yaliyotengenezwa na binadamu.

Kwa hiyo, binti yangu wa dawati la nyuma, kwa jinsi kazi ile inavyofanywa, aliyemvisha pete ni mtu wa kujitolea aliyepanda mti wa msonobari na kumshika ndege akiwa kinda asiyejua kuruka. Aliandika namba kwenye daftari, akashuka. Halafu namba hiyo ikasomwa tena Siaya na mtu asiyemjua.

KIOTA KATIKATI YA MJI

Watu wengi hudhani ndege mkubwa hivi anataka kisiwa cha mbali. Anataka mambo mawili tu: samaki wa kutosha karibu, na mahali pa juu, palipo wazi, ambapo mnyama wa usiku hawezi kupanda kwa urahisi. Mji una vitu hivyo vingi. Marekani furukombe hujenga juu ya nguzo za umeme, minara ya simu, taa za viwanja vya mpira na winchi za bandari. New York wanazalia kwenye ghuba ya Jamaica, ndege za uwanja wa JFK zikipita juu ya vichwa vyao. Minneapolis, mji wenye jamii kubwa ya Wasomali na Waafrika Mashariki wengine, furukombe walikuwa wametoweka. Mwaka 1984 wasimamizi wa bustani za Three Rivers walianza kuwarudisha kwa kuleta makinda kutoka sehemu nyingine za jimbo, na watu wa kujitolea wamekuwa wakifuatilia viota hadi leo. Baadhi ya viota hivyo viko juu ya viwanja ambavyo kila jioni vina watoto na makocha wanaopiga filimbi.

Kelele za kawaida hazimsumbui. Lori linalopita kila siku, yeye huliona kama sisi tunavyoliona wimbi. Anachokiogopa ni kitu kisicho cha kawaida, kama mtu aliyesimama chini ya mti na kutazama juu, jiwe, fataki, mbwa aliyefunguliwa. Jike akiruka kwa woga na kukaa nje muda mrefu, mayai hupoa au makinda huungua na jua. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mtazamaji ni umbali. Hakaribii. Huchagua mahali pamoja, tuseme hatua mia moja au zaidi, na kila siku husimama hapo hapo na darubini.

Anatazama nini? Kwanza, tarehe ya kuwasili, na kama ni jozi ile ile, kwani furukombe hurudia kiota chake mwaka hadi mwaka akiongeza vijiti mpaka kinakuwa mzigo mkubwa. Pili, mkao wa jike. Akilala chini hata kikaonekana kichwa tu, amekalia mayai, ambayo kwa kawaida huwa matatu, na atakaa wiki tano hadi sita. Siku atakapoanza kusimama ukingoni na kuinama, kuinama, ujue mayai yameanguliwa na analisha. Tatu, dume analeta samaki mara ngapi. Nne, vichwa vingapi vinachungulia. Makinda huruka wakipata kiasi cha siku 50 hadi 55, na idadi ya walioruka ndiyo namba inayosubiriwa na wataalamu.

Hakuna cha ajabu katika kazi hii. Ni daftari, kalamu na subira. Mtu mmoja na kiota kimoja hakithibitishi kitu. Lakini jimbo la Connecticut, ambako chama cha ndege cha huko kilianzisha mtandao wa watazamaji mwaka 2014, mamia ya watu wakiandika viota vyao kwa utaratibu mmoja, hesabu inapata maana. Mwaka ambao makinda wengi wanakufa, inajulikana mwaka ule ule, tena inajulikana ni mto gani.

WALIANZA BAADA YA KUPOTEZA

Usidhani watu hawa walizaliwa wakiwapenda ndege. Uingereza furukombe walipigwa risasi na kuibiwa mayai na wakusanyaji mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 hakukuwa tena na jozi inayozaa. Mwaka 1954 jozi moja ikajenga karibu na Loch Garten, Scotland. Watu wakaanza kulinda zamu usiku na mchana. Mwaka 1958, pamoja na ulinzi huo, mwizi alipanda usiku wa giza akachukua mayai, akaacha mayai ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu.

Mwaka uliofuata, msimamizi wa kazi ile, George Waterston, na wenzake wa chama cha kulinda ndege walifanya jambo ambalo lilionekana wazimu. Badala ya kuficha kiota, walikitangaza. Walijenga kibanda cha kutazamia na kuwaalika wananchi, na maelfu wakaja msimu huo wa kwanza. Hesabu yao ilikuwa kwamba kiota kinachojulikana na watu wote kina walinzi wengi kuliko kiota cha siri. Leo Uingereza ina zaidi ya jozi 200.

Marekani mwizi alikuwa sumu. Mwalimu wa ndege Roger Tory Peterson alihamia karibu na mlango wa mto Connecticut mwaka 1954, na akakuta viota karibu 150 katika eneo lile. Mwaka baada ya mwaka mayai yalivunjika chini ya mama. Dawa ya wadudu ya DDT iliyopuliziwa mashambani na kwenye mabwawa iliingia kwa wadudu, kutoka wadudu ikaingia kwa samaki wadogo, kutoka hao kwa wakubwa, na kila hatua ilizidi kukolea. Ilipomfikia furukombe ilifanya maganda ya mayai yawe membamba kama karatasi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 viota vilivyobaki vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Serikali ya huko ilipiga marufuku DDT mwaka 1972, na ndege wakarudi polepole. Waliotoa ushahidi kwamba mayai yanavunjika ni watu waliokuwa wakihesabu viota, tena kabla mtu yeyote hajajua kwamba hesabu ile itahitajika.

Hapa nikamkumbuka rafiki yangu akinionyesha mabonde ya Keringet, wakulima wakipulizia viazi asubuhi kabla mvua haijanyesha. Maji ya upande ule wa Mau huteremka magharibi na hatimaye huishia Ziwa Viktoria. Kinachooshwa kutoka shamba la juu kina safari yake, na chini kuna samaki, kuna watu wanaokula samaki hao, na kuna furukombe.

KAMBA YA NAILONI

Kuna adui mwingine ambaye watazamaji ndio waliomgundua. Furukombe hupenda kutandika kiota kwa vitu laini, naye huokota kamba. Montana, nchi ya wafugaji, watafiti wa chuo kikuu cha huko waliona makinda yakifa yakiwa yamefungwa miguu kwa kamba za plastiki zinazofungia marobota ya nyasi. Kamba hiyo haiozi. Kinda akikua, fundo linakaza, mguu unakatika au ananing'inia mpaka afe. Dawa yake haikuhitaji fedha nyingi. Wakulima waliombwa wazikusanye kamba zilizotumika, wasiziache malishoni.

Nilipomweleza rafiki yangu alitazama uani kwake. Kamba za marobota zilikuwa zimezagaa kila mahali. Sisi wa Pwani tusimcheke. Nyavu zetu za nailoni zilizochanika tunaziacha ufuoni, na mshipi uliokwama kwenye mkoko tunaukata na kuondoka.

KWETU PWANI

Wakati wa matlai, kusi ikiwa imelala na kaskazi haijashika, furukombe huanza kuonekana kwenye hori zetu. Hukaa juu ya nguzo, mlingoti wa jahazi lililokufa au mkoko uliokauka. Masika yakikaribia, wakubwa huondoka. Mida, ambako watu huenda kuwatazama ndege wakati wa kaskazi, ni mahali pazuri, lakini hata mjini Mombasa mtu anayeinua macho anaweza kumwona.

Ndugu zetu walio Oman na nchi za Ghuba wana bahati tusiyo nayo. Huko furukombe hawahami wote. Wako wanaozalia palepale, kwenye visiwa na majabali ya pwani, wakati wa miezi ya ubaridi, na visiwa visivyo na miti hujenga chini kabisa, juu ya mawe. Abu Dhabi wamejengewa majukwaa. Msomaji wangu uliye Muscat, ukienda baharini Februari, tazama.

Na sasa nina jambo la kukiri. Nikiwa na miaka kumi hivi, mimi na wenzangu tulimpiga furukombe kwa manati kwenye hori. Alikuwa juu ya nguzo anakula. Jiwe langu ndilo lililompata bawani. Alianguka kwenye tope, akajikokota kuingia mikokoni, nasi tukarudi nyumbani tukijisifu. Ami yangu, mvuvi, aliposikia hakunipiga. Alisema tu kwamba yeye humtazama ndege yule kujua mkizi wako wapi, na kwamba kesho atatazama nini. Maneno yale yaliniuma kuliko fimbo. Sikujua kwamba pengine mtu fulani wa mbali alikuwa amepanda mti kwa ajili ya ndege yule. Qur'ani inatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu, wakitandaza mabawa na kuyakunja. Mimi niliwatazama kwa kulenga shabaha.

MWEWE WA STEJI

Keringet hakuna furukombe anayezalia. Lakini kuna kiota. Nyuma ya steji ya matatu, juu ya mkaratusi mrefu, kipanga wa milimani mwenye tumbo jeupe na mkia mwekundu amejenga, makanga wakipiga kelele chini yake tangu alfajiri. Watu wa pale humwita mwewe tu, kama wanavyowaita ndege wote wenye makucha, na kila mwewe ana kesi moja: mwizi wa kuku.

Mzee mmoja mwenye duka hapo alinishika mkono. “Ustadh, nimesikia unafundisha watoto kumpenda huyo. Amebeba vifaranga vyangu. Nani atanilipa?”

Nikamwambia, “Mzee, una haki ya kuuliza. Lakini viazi vyako huliwa na nani?”

“Fuko,” akajibu bila kufikiri. “Fuko ametumaliza.”

Huko Naivasha watafiti waliofuatilia ndege wa aina hii kwa miaka mingi walikuta kwamba fuko ni sehemu kubwa ya chakula chake. Nilimweleza mzee hivyo. Hakuniamini, na sikumlaumu, maana neno la mgeni si ushahidi. Ndipo rafiki yangu akasema, “Basi watoto waandike.”

Wameanza. Wawili wawili, baada ya masomo, wanasimama kwenye baraza ya duka la yule yule mzee, ng'ambo ya barabara, na darubini moja kuukuu. Wanaandika saa, hali ya hewa, na ndege ameleta nini. Rafiki yangu hunitumia picha za kurasa kwa simu. Fuko anatokea mara nyingi kuliko kitu kingine. Panya yupo. Nyoka alionekana mara moja. Kifaranga pia alionekana mara moja, nao wamemwandika. Hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Mtazamaji anayeficha kifaranga ili ndege wake aonekane mwema hafai.

Mzee bado hajasema ndege ni mzuri. Amesema watoto waendelee, ila kifaranga aliyeandikwa ni wake. Na ameanza kuwafunika kuku wake kwa tenga mchana.

Jambo hili si la mchezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kando ya barabara za Kenya miaka ya 1970 na zile za kuanzia 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua, nyingi kwa kiwango cha kutisha. Sumu ni sababu mojawapo, zikiwamo zile chembe za zambarau za karbofurani zilizowahi kutumiwa kuua ndege kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala. Nyingine ni nyaya za umeme, miti inayokatwa na malisho yanayogeuzwa kuwa mashamba. Tunajua haya kwa sababu kuna mtu aliyehesabu miaka ya 1970 na akatunza karatasi zake.

UKITAKA KUANZA

Wasomaji wawili watatu huniandikia kila ninapogusa mazingira, wakiuliza wafanye nini. Haya ndiyo machache ninayoweza kuyasema kwa yakini.

Chagua mahali pamoja unapopita kila siku, kiota au nguzo ya hori, na uandike tarehe, saa na ulichokiona. Andika pia siku ambazo hukuona kitu, kwani hizo nazo ni hesabu. Usikikaribie kiota, usipande, usirushe kitu ili ndege ainuke upate picha, na usirushe droni juu yake.

Ukiona ndege mwenye pete, jaribu kuipiga picha ukiwa mbali na usome herufi na namba. Ukimkuta amejeruhiwa, mfunike kwa kitambaa ili atulie, mweke ndani ya katoni yenye matundu mahali penye giza, usimlazimishe maji wala chakula, na uwaarifu KWS upesi. Jihadhari na makucha zaidi kuliko mdomo. Ukimkuta amekufa, pete ile bado ina kazi. Ipeleke KWS au makumbusho ya taifa, usiifanye pambo la ufunguo.

Jiunge na wengine. Nature Kenya, iliyotokana na chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909, hushiriki hesabu ya ndege wa majini kila Januari, na maziwa ya Bonde la Ufa kama Nakuru, Elmenteita na Naivasha yamehesabiwa hivyo tangu 1991 kwa msaada wa watu wa kujitolea. Kuna pia ramani ya ndege wa Kenya, iliyoanza 2013, ambayo mwananchi yeyote mwenye simu anaweza kuichangia. Watamu kuna A Rocha Kenya, ambao huhesabu ndege wa Mida. Hakuna hata mmoja wa hawa atakayekuuliza una digrii gani.

Na kusanya kamba, za marobota huko juu na za nyavu huku chini.

Binti wa dawati la nyuma, uliuliza kwa nini mtu akae kutazama kiota cha ndege ambaye hamli. Nadhani umeshaanza kujijibu pale barazani. Nimemwomba mwalimu wako nafasi mwezi wa kumi na moja, shule zikifungwa, akulete wewe na wenzako Mombasa. Nitawapeleka kwenye hori lile lile. Kama furukombe atakuwepo, mtamwandika. Kama hatakuwepo, mtaandika hivyo pia, na mimi nitawaonyesha nguzo aliyokuwa amekaa siku ile nilipompiga.